Naomba ushauri: mafuta ya alizeti kwenye injini ya mashine ya kusaga

Ndugu wanachama, habari za kazi. Ninaendesha mashine ya kusaga nafaka mkoani Singida, inayozungushwa na injini ya dizeli ya silinda moja, ya mwendo wa polepole na inayopozwa kwa maji. Jirani yangu anakamua alizeti na hubakiwa na mafuta yasiyouzika kwa chakula, nami huyaacha yatuame, nikayachuja kwa kitambaa kizito, kisha nikachanganya sehemu moja ya mafuta hayo na sehemu nne za dizeli. Kuwasha na kuzima hufanya kwa dizeli tupu, kwa sababu mafuta ya mimea ni mazito mno yakiwa baridi, na asubuhi za Juni huku kwetu si za mchezo.

Nguvu haijapungua, lakini fundi alipofungua nozeli (kifaa kinachonyunyizia mafuta ndani ya silinda) alikuta masizi magumu kwenye ncha, na chujio la dizeli sasa linaziba mapema hata baada ya kuwekwa jipya.

Je, nikiupasha moto mchanganyiko kwa maji yanayotoka kwenye injini, masizi yatapungua, au ni lazima nipunguze kiwango cha alizeti? Na kwa kuwa mafuta haya yakipenya kwenye oili huweza kuigandisha, niibadilishe mapema kiasi gani kuliko kitabu cha injini kinavyoelekeza?