Nimeachiwa kopo la sarafu za zamani za Marekani, nianzie wapi?

Mama_Nasra:
Wakuu habari za saa hizi. Niko huku Columbus, Ohio, nahudumia wazee majumbani, sasa mzee mmoja niliyekaa naye miaka mitatu alifariki mwezi uliopita na binti yake akanipa kopo la kahawa limejaa sarafu, akasema baba alitaka uchukue wewe. Nikilifungua bado linanukia tumbaku yake. Kuna senti nyingi za kahawia zenye masuke ya ngano nyuma, senti moja ya 1943 nyeupe kama bati, robo dola kumi na kitu za miaka ya 50, na dola tatu kubwa nzito zenye kichwa cha mwanamke, mbili za 1921 na moja ya 1890. Nilienda duka moja la rehani jamaa hata hakuzigeuza, akasema dola 40 zote, nikaondoka nazo. Sasa nimeanza kuisugua moja ya 1921 na dawa ya meno ing'ae nipate bei. Wanaojua nisaidieni jamani.

baharia_mstaafu:
Dada yangu weka huo mswaki chini sasa hivi!! Ule weusi wa miaka ndio wanunuzi wanautaka, ukisugua unaacha mikwaruzo midogo, mtu akiweka lenzi anaiona mara moja na bei inaanguka. Mimi niliharibu nusu dola ya marehemu baba yangu hivyohivyo kwa majivu na ndimu, inaniuma mpaka leo. Zishike kwenye ukingo tu, kila moja itie kwenye kijibahasha chake.

Hizo kubwa zinaitwa Morgan, zilitengenezwa 1878 mpaka 1904 halafu tena 1921. Za 1921 ni nyingi mno, kiwanda cha sarafu cha Philadelphia peke yake kilipiga zaidi ya milioni 44, kwa sababu sheria ya 1918 iliwafanya wayeyushe dola za fedha kama milioni 270 ikabidi watengeneze nyingine badala yake. Hiyo ya 1890 ndiyo ya kuiangalia. Geuza upande wa tai, chini ya shada la majani, juu ya neno DOLLAR, kuna herufi ndogo ya kiwanda ilikotengenezwa? S ni San Francisco, O ni New Orleans, CC ni Carson City kule Nevada, kama hakuna kitu ni Philadelphia. Mwaka peke yake bila kuangalia herufi haukuambii kitu, Morgan ya 1893 yenye S walipiga laki moja tu na watu wanauziana kwa maelfu ya dola.

Sonara_Mdogo:
Naongezea upande wa madini. Robo dola zote za 1964 kurudi nyuma ni fedha asilimia 90, zitazame ukingoni, ni nyeupe tupu, za 1965 kuja huku utaona mstari wa shaba. Kwa hiyo hizo zako hata zikichakaa bado zina thamani ya fedha iliyomo kwa bei ya siku hiyo. Morgan moja ina fedha safi wakia 0.77, kwa hiyo tatu ni wakia mbili na zaidi, piga hesabu uone zile dola 40 ni kitu gani!

Senti ya 1943 ni chuma kilichopakwa zinki, shaba ilikuwa inaenda kwenye risasi za vita, sumaku itainasa. Bei yake ndogo tu. Ila Morgan ikinaswa na sumaku ujue ni feki. Pima kwenye mizani ndogo, inatakiwa gramu 26.73, ikiwa imelika kidogo itapungua kidogo.

Mama_Nasra:
Mungu awabariki. Nimeacha kusugua, hiyo moja nimeshaiharibu nusu uso basi tena. Nimeazima mizani ya jikoni ya jirani inayosoma pointi, ile ya 1890 ni gramu 26.5, sumaku haiishiki, na chini ya shada nimeona CC, nimewaita watoto wote waje waone!

baharia_mstaafu:
Alhamdulillah. CC inatafutwa sana, lakini tulia, kuna matapeli wanabandika herufi kwenye sarafu halali. Usiuze kwa mtu wa kwanza. Ipeleke kwa wauza sarafu wawili watatu, kisha itume PCGS au NGC, kampuni za kukagua sarafu, waikague na kuifungia kwenye kasha lao, ada utalipa lakini kwa CC inalipa. Hizo za 1921 usizitume, ada itakula faida yote. Na zile senti za ngano kaa chini na watoto mtafute ya 1909 yenye S, nyuma chini kabisa iwe na herufi VDB.

Mama_Nasra:
Tumeshazimwaga mezani, mkubwa anasoma miaka mdogo anapanga. Tuko 1917.