Zana za usalama zimetuzidi: tuanzie wapi kupunguza?

Mlinzi wa Zamu:
Ndugu zangu, ninasimamia kikosi kidogo cha usalama wa mtandao katika kampuni ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikinunua zana mpya kila baada ya ukaguzi. Sasa tunazo za kulinda kompyuta za wafanyakazi, za kuchuja barua pepe, za kusaka mianya kwenye seva, za kukusanya kumbukumbu za mifumo, na nyingine ambazo, kusema kweli, sijui ni nani anayezifungua. Mfanyakazi mmoja akifungua kiambatisho chenye programu hasidi, tunapokea arifa tano kutoka dashibodi tano, moja ikidai ni hatari kubwa na nyingine ikidai ni jambo la kawaida, na walio zamu hupoteza muda wao mwingi kuthibitisha kwamba zote zinahusu tukio lile lile. Uongozi unataka tuhamie kwa muuzaji mmoja mwenye kila kitu. Je, hiyo ndiyo dawa?

Fundi Kumbukumbu:
Kabla ya kumfikiria muuzaji, andaeni jedwali: zana, jina la mtu anayewajibika nayo (mtu, si idara), na uamuzi wowote uliofanywa miezi ya karibuni kutokana na taarifa zake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na zana za usalama hazina tofauti. Wadukuzi walipoivamia Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza taarifa za mikopo ya watu, mwaka 2017, kifaa cha kukagua mawasiliano yaliyosimbwa kilikuwapo, lakini cheti chake cha kidijitali kilikuwa kimekwisha muda miezi mingi kabla, hivyo mawasiliano yalipita bila kukaguliwa. Cheti kilipohuishwa mwishoni mwa Julai, shughuli za kutiliwa shaka zilionekana mara moja, ila kwa wakati huo taarifa za watu wapatao milioni 147 zilikuwa zimeshachukuliwa. Anayehesabu zana tu angesema kampuni ile ilikuwa na kinga. Zana itakayokosa jina kwenye jedwali lenu ipewe mtu wa kuwajibika nayo au izimwe.

Mama Seva:
Ninaafiki suala la jedwali, lakini muuzaji mmoja ana hatari zake. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho lenye kasoro la CrowdStrike, kampuni ya programu za usalama, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, na safari za ndege pamoja na huduma za hospitali zikavurugika, ingawa hapakuwa na mdukuzi yeyote. Hiyo si hoja ya kulimbikiza zana. Programu mbili zinazochunguza kompyuta ileile huifanya iwe nzito, na wakati mwingine kila moja humtilia shaka mwenzake, kwa hiyo hapo ondoeni moja bila huruma. Nakala rudufu ndizo nisingeziweka chini ya muuzaji huyo mmoja wala chini ya akaunti zilezile za usimamizi, kwa sababu atakayeiba akaunti hizo atafuta data na nakala zake kwa pamoja. Vilevile someni masharti ya kuhuisha mkataba, na mhakikishe kwamba mkiondoka mtaondoka na kumbukumbu zenu katika muundo unaosomeka kwingine.

Msimamizi wa Usiku:
Mnazungumzia zana mno. Target, kampuni ya maduka ya Marekani, walipovamiwa mwaka 2013 na taarifa za kadi za malipo zipatazo milioni 40 kuibwa, mfumo wao ulikuwa umegundua programu hasidi na kutoa arifa. Hatua ndiyo iliyokosekana. Andikeni mapema ni nani mwenye mamlaka ya kuitenga seva na mtandao saa nane usiku bila kumsubiri mkurugenzi, kwa sababu kikosi cha usalama huona tatizo, wenye seva ndio wenye ruhusa, na wenye programu hawataki chochote kizimwe mwisho wa mwezi. Kuhusu arifa tano, angalieni majina: mara nyingi seva moja hujulikana kwa jina katika mfumo mmoja, kwa anwani ya IP katika wa pili na kwa namba ya mali katika wa tatu, kwa hiyo hakuna programu inayoweza kuziunganisha. Kazi hiyo inachosha na haina sifa, lakini ndiyo iliyotupunguzia kelele kuliko ununuzi wowote.

Mlinzi wa Zamu:
Ahsanteni, jedwali nitalianza wiki hii. Je, zana iliyonunuliwa kwa ajili ya mkaguzi, nayo inaweza kuzimwa?

Fundi Kumbukumbu:
Mara nyingi, ndiyo, kwa kuwa kanuni hutaja matokeo na si bidhaa. PCI DSS, yaani viwango vya usalama wa kadi za malipo, kwa mfano, hutaka kumbukumbu zihifadhiwe kwa angalau miezi 12 na za miezi 3 ya karibuni ziwe tayari kuchambuliwa. Zinahifadhiwa kwenye zana gani ni juu yenu. Mwonyesheni mkaguzi zana inayobaki ikitimiza sharti hilo, mpate kauli yake kwa maandishi, kisha ndipo mzime.