Barabara ya Samora hapa Dar es Salaam na mitaa yake inaozeshwa makusudi ili ibomolewe, na sisi tunaangalia tu!

Wakuu, nimetoka mjini jioni hii na hasira imenikaba kooni. Mzee wangu kapewa notisi. Miezi mitatu awe ameshatoka kwenye fremu ya duka ambayo ameshonea nguo tangu mimi sijazaliwa, mtaa wa nyuma tu ya Samora. Sababu iliyoandikwa ni kwamba jengo ni chakavu na linahatarisha maisha ya watu.

Chakavu! Nani kalichakaza? Mzee ameandika barua za kuomba paa lizibwe mpaka kachoka kuandika. Masika yote maji yalikuwa yanashuka kwenye ngazi, chemba ya uani inafurika, wateja wanapima suti huku wameziba pua. Kodi analipa, na kilemba, ile hela ya kupewa fremu, alilipa siku anaingia. Fundi hakutumwa hata mara moja. Mwezi uliopita ndiyo kaja kijana mmoja na kamera, kazunguka dakika kumi, kapiga picha nyufa, kaondoka. Notisi ikafuata.

Ndivyo wanavyoua majengo mjini. Likiwa zima hawaligusi, maana watu watapiga kelele. Wanaliacha. Bati likitoboka halibadilishwi, mchwa wakiingia kwenye boriti hakuna dawa, mpangaji wa juu akihama mlango wa roshani unabaki wazi na mvua inaingia mpaka sakafuni. Baada ya miaka kumi jengo lenyewe linakuwa shahidi wa kujihukumu. Halafu yanakuja mabati ya kuzungushia, halafu shimo, na shimo lenyewe mara nyingi linageuka maegesho ya magari miaka na miaka.

Na msiniambie sheria ipo. Nimeisoma. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Sasa Sultani Majid alianza kuujenga mji huu miaka hiyohiyo ya 1860. Boma la Kale pale Sokoine Drive, ambalo ni kati ya makongwe kabisa tuliyobaki nayo mjini, ni la 1866 na 1867! Maana yake karibu katikati ya mji wote iko nje ya huo mstari. Jengo letu haliwezi kulindwa mpaka mtu mwenye mamlaka akae chini, alitangaze rasmi, na asije mwingine kulifuta kwenye orodha. Salamander iliyokuwa hapohapo Samora, jengo la enzi za Mjerumani, kila mtu wa mjini alikuwa anaijua, na leo haipo. Wenzetu Zanzibar wana mamlaka maalumu ya Mji Mkongwe, na tangu 2000 uko kwenye urithi wa dunia. Sisi tuna nini?

Shida hii ina mizizi mirefu. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, nyingi zikiwa za Wahindi, zikawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 zikahamia Shirika la Nyumba. Kwa miaka mingi kodi ilikuwa ndogo, na kwa kodi ile hakuna anayepaka hata rangi. Baadaye bei ya ardhi ikapanda, na ghafla kiwanja kikawa na thamani kuliko nyumba iliyosimama juu yake. Mwenye nyumba wetu ni mtu binafsi, lakini hesabu anayopiga ni hiyohiyo.

Najua kuna watakaosema majengo ya zamani ni hatari, yatatuangukia. Ndugu zangu, tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, jengo lililoanguka Mtaa wa Indira Gandhi lilikuwa na ghorofa 16 na lilikuwa bado linajengwa. Watu 36 walikufa. Sikuwahi kusikia nyumba ya zamani yenye jina la familia na mwaka kwenye paji lake imeua watu kiasi hicho.

Mimi sipingi maghorofa. Mji unakua, watu wanahitaji ofisi, mabasi ya mwendokasi yanashusha maelfu Posta kila asubuhi. Ila piteni Samora saa saba mchana mwezi wa pili. Kwenye majengo ya zamani unatembea chini ya baraza, kivuli mlango hadi mlango. Ukifika kwenye kioo kipya hakuna baraza, hakuna mti, jua la utosi, na jenereta inakupulizia moshi magotini. Mtaa huu Wajerumani waliupa jina la miti ya akasia, na Waingereza wakaliendeleza kabla haujawa Independence na baadaye Samora. Miti imeondoka, sasa na baraza zinaondoka. Sanamu ya Askari pale kwenye mzunguko imesimama tangu 1927, bunduki imeelekea bandarini, na kwa mwendo huu itabaki peke yake.

Ninachotaka ni kitu kidogo. Mtu asipewe kibali cha kubomoa kwa sababu ya uchakavu kabla hajaonyesha risiti za matengenezo aliyofanya. Hana risiti? Basi uchakavu ni wake, autengeneze kwanza. Na wapangaji waitwe wasikilizwe kabla ya notisi.

Mwanasheria yeyote mwenye uzoefu wa kesi za upangaji naomba anishauri, muda unakwenda. Na wenye picha za zamani za Samora, Mkwepu, Zanaki na Mtaa wa India ziwekeni hapa, na mwaka kama mnaukumbuka. Mimi leo nimepiga za jengo letu pande zote nne, mpaka ile ngazi ya mbao ambayo Mzee anaipaka nta kwa hela yake.