Bonifishi wa St François wanatawanyika chambo kikitua, na wanaokula hawanasi

Ndoana6:
Wakuu, naomba ushauri kuhusu bonifishi, samaki wa maji mafupi, kwenye mafungu ya mchanga ya St François, kule Shelisheli. Fimbo ya mshipi wa uzito namba 8, mshipi unaoelea, nailoni ya mbele futi 9, ncha yake inahimili ratili 12. Chambo cha manyoya ni Crazy Charlie, ndoana namba 4, macho ya risasi ya kukizamisha. Maji hayafiki goti, na asubuhi yanakuwa shwari kabisa. Kundi linakuja vizuri, chambo kikigusa maji tu wote hao! Wachache wanafuata hadi wanakula, lakini nikinyanyua fimbo hakuna kitu. Nibadilishe rangi?

MajiMafu:
Rangi iache kwanza. Macho ya risasi ni ya maji ya mapajani kwenda juu. Chini ya goti funga macho ya vishanga vya mnyororo, ule ule wa kizibo cha sinki. Kwenye maji ya kifundo cha mguu tumia chambo kisicho na macho kabisa. Ndoana iwe ndogo zaidi, namba 6, hata 8. Ila kisiwe chepesi hadi kielee: mdomo wa bonifishi uko chini ya pua, na kaa, kamba na vichaza anawafukua mchangani. Chambo kisichofika chini anakipita tu.

Pili, usirushe katikati ya kundi. Angalia wanaelekea wapi, kitue mita 2 mbele ya yule wa kwanza. Upepo ukivuruga uso wa maji, mita 1 inatosha. Wakiwa wamebinua mikia juu, vichwa mchangani, unaweza kusogea hadi nusu mita. Kiache kizame, tulia. Samaki akikaribia, vuta mara moja, sentimita 15 hivi, kitimue kivumbi kidogo cha mchanga, kisha kiache tena. Na kivutwe kwenda mbali naye siku zote. Kamba hamkimbilii anayetaka kumla. Samaki akiona chambo kinamjia, anatimka.

Kwenye shwari ongeza nailoni ya mbele ifike futi 12, na usipeperushe mshipi juu ya vichwa vyao. Pima umbali pembeni, kisha geuza mrusho wa mwisho tu.

Kusi_Kaskazi:
Naongezea kwenye kunasa, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu. Usinyanyue fimbo! Ncha ya fimbo ibaki chini, karibu iguse maji, ikielekea kwa samaki. Akiinamisha kichwa na kusimama juu ya chambo, vuta mshipi kwa mkono, mvuto mrefu wa taratibu hadi usikie uzito. Ukinyanyua fimbo, inapinda na kumeza nguvu yote, ndoana haiingii, na chambo kinaruka juu kutoka mahali anapokitafuta. Ukivuta kwa mkono ukamkosa, chambo kimesogea kidogo tu chini pale pale, na mara nyingi anarudi.

Akishanasa, sahau samaki kidogo, tazama mshipi uliolegea miguuni. Tengeneza pete kwa kidole gumba na cha shahada, mkono uwe mbali na fimbo, mshipi upite humo bila kukazwa. Kitako cha fimbo kibane kwenye mkono, vinginevyo mshipi unanasa kwenye mpini wa rili na ncha inakatika hapo hapo. Baada ya hapo fimbo juu, mshipi upite juu ya matumbawe. Uzi wa akiba, ule wa nyuma ya mshipi kwenye rili, usipungue mita 150.

Ndoana6:
Asanteni sana. Na maji gani ni bora, bamvua (maji makubwa) au maji mafu (maji madogo)?

MajiMafu:
Muhimu ni maji yawe yanatembea. Bamvua linaleta samaki wengi juu ya fungu, lakini muda wake ni mfupi kwa sababu kina kinapanda haraka. Simama kwenye mdomo wa mkondo maji yanapoanza kujaa, wanapandia hapo. Maji mafu yanakupa muda mrefu zaidi, ila samaki wanatawanyika. Ukitembea buruza miguu, usiinue, taa wamejifukia mchangani.

Pweza_wa_Mwamba:
Hakikisha huo mshipi ni wa nchi za joto. Wa maji baridi unalainika juani, unanata kwenye pete za fimbo, na hapo hakuna mrusho utakaofika.

Halafu papa. Wakiwa karibu, mlete samaki haraka, usimchoshe. Kijino cha nyuma ya ncha ya ndoana kibonyezwe kwa koleo kabla hujaanza, umfungue akiwa majini kwa mkono uliolowa. Anayepinduka au kuyumba usimwachie bado, mshike wima hadi aogelee mwenyewe kwa nguvu. Papa wakishakuzunguka, hamieni fungu lingine.