Muhuri kwenye kasha la saa ya mfukoni: upi wa kuamini, upi wa kupima tena?

MwanaSaa
Salaam wakuu. Kuna saa tatu kuukuu za mfukoni zinauzwa bei moja, na muuzaji anasema zote ni dhahabu. Kasha A lina kichwa kidogo cha mwanamke na 18K. Kasha B limeandikwa 14K, halafu Warranted 20 Years. Kasha C lina nanga, 9, .375 na herufi moja. Ipi ina dhahabu nyingi, na napimaje bila kuharibu?

JiweLaSonara
Kwanza jiulize nani aligonga muhuri. Namba "18K" (karati 18, yaani sehemu 18 za dhahabu katika 24) hupigwa na mtengeneza kasha mwenyewe, kwa hiyo ni ahadi yake tu. Kile kichwa cha mwanamke ni Helvetia, mwanamke wa kubuni anayewakilisha Uswisi, nacho hadi 1995 kiligongwa na ofisi ya upimaji ya Uswisi baada ya kuipima dhahabu. Kililetwa na sheria ya 1880. Helvetia ni karati 18. Ukikuta kindi, ni karati 14. Tumia lenzi ya mara kumi: muhuri halisi una kingo kali, hata kama uso umelika kwa kung'arishwa.

C ni ya Uingereza, nanga ni Birmingham (kichwa cha chui ni London). Sehemu 375 katika 1,000 ni dhahabu, na herufi inakupa mwaka. Ukikuta 15 na .625 au 12 na .5 usiseme ni feki: zilianza 1854, zikafutwa 1932 na nafasi yake kuchukuliwa na karati 14.

B iweke kando. Dhahabu tupu haihitaji dhamana ya miaka. Miaka 20 ni makadirio ya muda ambao ngozi ya dhahabu ingedumu kabla shaba ya njano haijatokeza.

Bawaba_Tatu
Naongezea kwenye B, maana hapo ndipo wengi wanapoliwa. Hii si dhahabu ya kuchovya. James Boss wa Marekani alipata hataza yake 1859: bamba la shaba ya njano katikati, bamba la dhahabu kila upande, vinapitishwa kwenye roli mpaka vinakuwa bati moja. Hiyo 14K ni kweli, ila ni ya ngozi. Angalia shingo ya saa, pete ya kuning'inizia na ukingo wa mfuniko. Ikichakaa utaona rangi ya pili, mara nyingi nyekundu au kijani kidogo. Kwa Dennison, mtengeneza makasha wa Birmingham, neno Star au Moon ndani ya mfuniko lina maana hiyo hiyo.

Msidanganywe pia na "Warranted U.S. Assay" (eti upimaji wa Marekani umedhaminiwa). Marekani haikuwa na ofisi ya serikali ya kupima makasha ya saa. Wakati mwingine kasha ni dhahabu kweli, lakini maneno hayo peke yake hayathibitishi.

Nanga56
Kwa watakaokutana na nyingine: Urusi ya zamani ilihesabu usafi kwa sehemu 96 badala ya 24, hivyo 56 ni .583 na 72 ni .750. Namba 84 kwa kawaida ni fedha, hata kama kasha lina rangi ya dhahabu. Ufaransa: kichwa cha tai ni karati 18, bundi ni mali iliyoingizwa kutoka nje. Ujerumani: taji ndani ya duara la jua ni dhahabu, taji na mwezi mwandamo ni fedha.

FundiLenzi
Mbona mnazunguka? Jiwe la kusugulia dhahabu na asidi, dakika mbili umemaliza.

JiweLaSonara
Ndugu, kwa B asidi itakudanganya. Ukisugua kwenye jiwe unachukua ngozi tu, na ngozi ni karati 14 kweli. Mashine ya eksirei nayo husoma juu juu. Ili asidi iseme ukweli, ukate kichirizi kwa tupa mahali pa kujificha, kisha tone la asidi ya nitriki: shaba hutoa povu la kijani. Ila umeshaharibu kasha, na tone likiingia kwenye springi ya chuma ndani ya ukingo, inaliwa. Halafu karati 9 halisi nayo huacha doa la kahawia kwenye nitriki. Wengi wameitupa C nzuri kwa sababu hiyo.

Pima kwa maji. Toa mashine ya saa, kioo na springi. Weka bilauri ya maji yenye tone la sabuni kwenye mizani ya gramu 0.01, irudishe sifuri. Funga mfuniko kwa uzi mwembamba, uzamishe bila kugusa chini wala ukuta, na upanguse mapovu kwenye bawaba kwa brashi. Gawa uzito mkavu kwa namba inayosomeka, upate metali ni nzito mara ngapi kuliko maji. Karati 18 ya njano huja 15 na kidogo, 14 huja 13 hivi, 9 huja 11 hivi, shaba ya njano 8.5.

Bawaba_Tatu
Kila kipande kivyake! Muhuri unadhamini kipande ulipogongwa. Mfuniko wa ndani wa saa za Uswisi mara nyingi umeandikwa "cuivre" au "métal": huo ni shaba, utoe kwenye hesabu. Na fedha iliyochovywa huja 10.3, jirani mno na karati 9; hapo muhuri ndio unaoamua.

MwanaSaa
Nimepima mifuniko ya nyuma. A: gramu 11.40, maji 0.75, sawa na 15.2. B: 12.90 kwa 1.42, sawa na 9.1. C: 13.20 kwa 1.19, sawa na 11.1. Mfuniko wa ndani wa A umeandikwa cuivre, nimeutoa. Vipande vilivyobaki ni gramu 23.6. Vya C, vyote vina muhuri, ni 38.4.

JiweLaSonara
A: 23.6 × 0.75 = gramu 17.7 za dhahabu safi. C: 38.4 × 0.375 = 14.4, ingawa mkononi ndiyo nzito. Kwa bei moja chukua A. B inunue kama mashine yake inakupendeza.