Nimerudi kutoka msimu wa kulungu Marekani, mjini hapanikaliki. Nishaurini

Mtu_wa_Majengo:
Asalaam aleikum wanajukwaa. Mtakaocheka mcheke kidogo.

Novemba nilikuwa Wisconsin kwa dada yangu. Mumewe, Mmarekani aliyesilimu, ni mwindaji. Kule kuna siku tisa za bunduki, zinaanza Jumamosi ya kabla ya sikukuu yao ya Shukrani, na watu huombea likizo kama sisi tunavyoomba ya Idi. Mimi sikushika bunduki, leseni sina. Nilivikwa koti la rangi ya chungwa kali kuliko la bodaboda, nikapandishwa kwenye dungu. Dungu hasa, kama lile nyanya yangu alilokalia kuamia ndege mpungani, ila hili la chuma na limefungwa mtini.

Baridi ile siielezi. Kuanzia alfajiri huongei, hukohoi. Siku tatu niliona kuchakuro tu, nikajiuliza nimefuata nini. Siku ya nne masikio yakafunguka. Theluji ikidondoka tawini naisikia. Mara jike la kulungu likaja mpaka chini yetu, mvuke wamtoka puani, sikio moja kalielekeza kwetu na la pili nyuma, kila moja na shughuli yake. Shemeji hakupiga. Lilipotushtukia likainua mkia, ule weupe ukapepea kati ya miti, basi.

Siku ya sita alipiga dume. Alisema bismillah, tukalikuta lingali na roho, akalichinja. Usiku ule sikulala vizuri. Nyama nilikula, nisiwadanganye.

Sasa nimerudi dukani Marikiti, Mombasa: honi, mikokoteni, makelele. Jioni napanda juu ya paa la nyumba nakaa gizani, mke wangu auliza kama nimerogwa. Kuna kijana wa pale sokoni aniambia kwao, upande wa Kilifi, wanatega paa kwa waya na kuwinda na mbwa usiku. Asema nimfuate wikendi hii nikatulize moyo. Nafsi moja yataka. Niende?

Babu_Tudor:
Usiende. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini tangu 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haina mzaha. Utashikwa na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ukiwa na tochi mkononi, useme ulikwenda kutuliza moyo? Mwambie hakimu hivyo tuone.

Mla_Mbaazi:
Yakhe, kwani nyama ya paa yapikwaje? Nauliza tu 😂

Mwana_wa_Gede:
Mimi nimekulia pembeni ya msitu wa Arabuko-Sokoke, nikwambie kuhusu huo waya. Waya hauna siku tisa. Unafungwa kwenye kijinjia, mtegaji anaenda zake, akisahau unabaki pale pale. Nikiwa mdogo tulimkuta paa keshaoza shingo imekatika nusu, hakuna hata aliyemla. Na msitu wetu una paa nunga, ambaye duniani hapatikani ila pwani hii na Unguja. Shemeji yako aliliona jike akaliacha lipite. Waya utaliachaje?

Mwalimu_Mstaafu:
Lugha tu, bwana. Hao si kulungu. Kulungu wetu ni jamaa ya swala, pembe zake zikiota zimeota. Wale wa Marekani madume huangusha pembe kila mwaka zikaota upya. Kusini mwa Sahara hatuna mnyama huyo wa asili.

Mtu_wa_Majengo:
Sasa niwaiteje, mwalimu?

Mwalimu_Mstaafu:
Waite kulungu. Nilitaka tu ujue.

Bi_Matuga:
Kaka, nimesoma maelezo yako mara mbili. Jike lile umelieleza mpaka masikio. Dume lililopigwa umelipa mistari miwili. Wewe hutaki kuwinda, wataka kukaa kimya porini. Hiyo yapatikana bila mbwa wala waya.

Vuka Likoni, panda matatu ya Kwale. Shimba Hills iko pale pale juu. Palahala wa Kenya wako huko tu, dume jeusi tititi na pembe zimepinda nyuma kama jambia. Ila kuna ndovu, huwezi kujitembelea ovyo. Utahitaji gari, na kwenye maporomoko ya Sheldrick mnashuka kwa miguu na askari wa KWS.

Mwana_wa_Gede:
Akitaka kutembea kwa miguu aje kwetu. Matatu za Malindi zapita mlangoni, achukue mtu wa kumwongoza, waingie mapema kabla jua halijakaza. Akitulia pahali pamoja nusu saa atamwona sange wa kiuno cha dhahabu, ana pua kama mrija, achakura majani kama kuku. Lakini atulie. Wengi wanakuja na simu inapiga taarab.

Babu_Tudor:
Na huyo kijana wa sokoni mwambie pia. Pengine hajui anachochezea.

Mtu_wa_Majengo:
Nimesoma zote. Kijana nimemjibu sitaenda, amenuna kidogo. Nimemwambia aje nasi Gede, nauli juu yangu, amesema atafikiria. Bi Matuga, kuhusu ile mistari miwili, nimeiangalia tena na ni kweli.

Mwana wa Gede, ni Jumamosi inshallah, tutaondoka baada ya swala ya alfajiri. Nilimweleza mke wangu nikidhani atakataa, kumbe naye anakuja. Ameuliza mambo mawili: kuna choo? Na je, kwenye huko kunyamaza, kuongea kwa kunong'ona kwaruhusiwa?