Naomba ushauri: upasuaji wa kurekebisha tumbo baada ya uzazi, afanyiwe Kisumu au Nairobi?

Habari zenu. Kuna dada hapa Kisumu, watoto watatu, kitinda mimba ana mwaka na nusu. Ameacha kunyonyesha na hataki mwingine. Misuli ya tumbo imeachana: akilala chali, akunje magoti na kuinua kichwa, vidole vitatu vinazama juu ya kitovu. Mazoezi yamesaidia mgongo, lakini ngozi bado inaning'inia.

Tafadhali msimshauri anyonywe mafuta tu. Mafuta yakitoka, ngozi hulegea zaidi na misuli hubaki vilevile. Anahitaji ngozi ipunguzwe, mkato wa nyonga hadi nyonga, na misuli ishonwe pamoja.

Hofu yangu ni safari. Damu inaweza kuganda miguuni ikapanda hadi kwenye mapafu, na Nairobi hadi Kisumu ni kama kilomita 350 za kukaa kwenye basi. Tena maji hujikusanya chini ya ngozi, na mipira ya kuyatoa haing'olewi mpaka yapungue. Mliofanyiwa Nairobi, mlikaa huko siku ngapi kabla ya kurudi? Mipira mlitolewa wapi? Na kwa sababu ya hiyo hatari ya damu kuganda, mliambiwa msimamishe vidonge vya kupanga uzazi mapema kiasi gani kabla ya upasuaji?

Kama kuna mpasuaji wa plastiki Kisumu au Eldoret, nitumieni jina lake kamili faraghani ili nilihakiki kwenye rejista ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya. Leseni ya udaktari wa kawaida haitoshi kwa kazi hii.

Na kwa wiki sita bila kubeba mtoto, nani aliwasaidia nyumbani?